Canter 4D33: asubuhi moshi mweupe, Kitonga haipandi. Ni pampu au taimingi?

#1 MbaoZaMafinga

Wakuu, habari za jioni.

Nina Canter, lori dogo la Mitsubishi, injini ya dizeli 4D33. Pampu yake ya dizeli ni ile ya elementi nne (vipande vinavyosukuma dizeli kwenda kwenye nozo) zilizojipanga mstari mmoja, si ile ya mviringo. Natoa mbao Mafinga kwenda Dar, narudi na saruji. Mwezi wa tatu ilifanyiwa ovahoo: pistoni, ringi, gasketi ya hedi, tukabadilisha na puli ya krenki maana ya zamani ilishalika njia za mkanda. Pampu iling'olewa ikarudishwa kama ilivyo, haikufunguliwa.

Tangu hapo sina raha. Asubuhi napiga stata mpaka betri inaomba msamaha, ikiwaka inatoa moshi mweupe unaowasha macho, jirani anafunga madirisha. Baada ya dakika kumi hivi moshi unakata. Tambarare inakwenda 80 vizuri tu. Aibu iko mlimani. Kitonga nilikuwa napanda kwa gia ya tatu na mifuko 80 ya saruji, sasa ni ya pili, kuna kona naingia ya kwanza, na geji ya joto inapanda.

Cha ajabu injini imekuwa laini, haigongi kabisa. Fundi mwenyewe alijisifu: "Sikiliza, kama ya petroli."

Fundi pampu mmoja ameitazama kwa macho tu, akasema pampu imekufa, elementi zote na delivari zake (valvu za kutolea dizeli), milioni 1 na laki 8. Kabla sijaenda kukopa, naomba mawazo yenu: ni pampu, au ni taimingi, yaani wakati wa dizeli kuingia kwenye silinda?

#2 Tairi_Kipara

Pampu hiyo. Yangu ilikuwa hivyohivyo, nilibadilisha nikasahau. Usizunguke mkuu, utatumia hela ileile ukiwa umechoka.

#3 Dereva_Mstaafu

Dizeli unajaza wapi? Isije ikawa ya kwenye madumu pale njiani. Zamani kidogo, kabla kodi ya mafuta ya taa haijapandishwa 2011, uchakachuaji wa kuchanganya mafuta ya taa kwenye dizeli ulikuwa kama chai ya asubuhi, ndiyo maana EWURA, wasimamizi wa nishati, walianza kuweka vinasaba (alama ya kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta 2010. Mafuta ya taa hayana ulainisho, na elementi ya pampu inalainishwa na dizeli yenyewe inayoipitisha. Ukiyanywesha gari mwaka mzima, elementi inachubuka na haiponi.

#4 MbaoZaMafinga

Mzee shikamoo. Najaza vituo vikubwa tu, Mafinga na Morogoro. Madumu niliacha siku nyingi.

#5 MzeeWaElementi

Nimekaa na pampu hizi tangu zikiandikwa Diesel Kiki, jina la kiwanda, kabla hawajaitwa Zexel. Mwanangu, usitoe hata senti tano kwa mtu aliyeitazama pampu kwa macho. Pampu haina uso.

Elementi zikilika kweli zina tabia zake. Gari inasumbua zaidi ikiwa ya moto kuliko ya baridi, maana dizeli ikipata joto inakuwa nyepesi na kuvujia pembeni ya plunja, ule mche unaosukuma dizeli ndani ya elementi. Yako inasumbua asubuhi, ikishapata moto inawaka vizuri, au siyo? Pili, sehemu ya chini ya pampu yako inalainishwa na oili ya injini. Elementi zikivuja, dizeli inashuka kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili asubuhi. Kama kiwango kinapanda badala ya kushuka, na oili ukiipaka kidoleni inanukia dizeli na haina utelezi, hapo nitakaa upande wa huyo bwana wa milioni na laki nane. Fidi pampu (ile ndogo inayovuta dizeli kutoka tangini) ikichoka nayo inaweza kumwaga dizeli humo, kwa hiyo hata hapo usikimbilie.

Halafu fanya hili, halina gharama. Tafuta dumu la lita tano, lisafishe, tia dizeli safi, lifunge juu ya kebini au popote palipo juu kuliko pampu. Chukua mpira unaoonyesha ndani, peleka dizeli moja kwa moja kwenye fidi pampu, na ule mpira wa kurudishia nao uuelekeze kwenye dumu. Toa hewa kwa pampu ya mkono, washa, tembea hivyo kilomita chache ukiwa na mzigo. Gari ikipata nguvu, ugonjwa uko kati ya tangi na fidi pampu: mpira umepasuka, wavu mdogo wa fidi pampu umeziba, au kifuniko cha tangi hakipumui. Isipobadilika, umeshafuta nusu ya gari kwenye orodha ya watuhumiwa.

Mwisho, ikiwa inawaka na kutikisika, legeza nati ya bomba la nozo moja moja, robo mzunguko tu. Silinda nzima ukiilegezea, mlio unabadilika. Mbovu ukiilegezea, haina habari. Weka kitambaa juu ya nati na mkono wako uwe mbali. Dizeli ya presha ile inapenya ngozi kama sindano, na jeraha lake linaonekana dogo kumbe ndani limeharibu. Ni la hospitali siku hiyohiyo.

#6 Chizi_wa_Magurudumu

Naweka kambi hapa. Kikapu cha karanga ninacho.

#7 MbaoZaMafinga

Mrejesho wa kwanza.

Oili: kijiti kimesimama palepale tangu nilipobadilisha, hakinuki. Nati za nozo: zote nne mlio ulibadilika. Dumu: hapa kuna jambo. Mpira wa kutoka tangini una ufa kwenye kona unapopita chini ya kebini, ufa wa kuonekana ukiukunja tu. Wavu wa fidi pampu ulikuwa na uchafu mweusi kama majani ya chai. Nimebadilisha mpira, nimesafisha wavu.

Sasa asubuhi inawaka kwa stata mbili badala ya tano. Lakini moshi uleule, na juzi Kitonga palepale. Hata kwenye dumu haikubadilika mlimani. Nozo zilipimwa kwenye mashine wakati wa ovahoo, nilikuwepo, zinapuliza ukungu mzuri na hazidondoshi.

#8 Tairi_Kipara

Nilisema. Pampu.

#9 MakanikaNaks

Salamu kutoka Nakuru. Hizi Canter huku tunazo kama kuku, na kesi ya aina hii mara nyingi huwa ni gia. Wakati wa ovahoo walifungua kava ya mbele, sivyo? Makanika akirudisha gia ya pampu akaruka jino moja, gari itawaka na itatembea, lakini itakuwa mgonjwa. Kuna nyingine nilipata imewekwa kinyume kabisa, silinda ya kwanza inapewa dizeli wakati wa kutoa moshi. Hiyo haikuwaka, ilijaza gereji wingu tu. Jamaa mmoja alitaka tubadilishane mabomba, la 1 na la 4, la 2 na la 3, kwa kuwa mpangilio ni 1-3-4-2. Kwa hesabu yuko sawa, lakini mabomba ya hii pampu yamekunjwa kila moja kwa nafasi yake. Tulitoa pampu tu.

#10 MzeeWaElementi

Makanika wa Nakuru yuko karibu na moto, ila jino moja ni kubwa mno kwa ugonjwa huu. Pampu inazunguka nusu ya krenki. Hesabu meno ya gia ya pampu, gawa 360 kwa idadi hiyo, kisha zidisha kwa mbili upate digrii za krenki. Gia ikiwa na meno 48, jino moja ni digrii 7.5 za pampu, yaani 15 za krenki. Gari iliyochelewa digrii 15 haiendi 80 barabarani, haifiki hata Mafinga mjini.

Lakini amegusa neno: kuchelewa. Rudi kwenye ujumbe wa kwanza. Kijana amesema injini imekuwa laini kama ya petroli na fundi akajisifu. Mimi hapo ndipo niliposhika kichwa. Dizeli ikiingia kwenye silinda haiwaki papo hapo, kuna kitambo. Ikiingia mapema, hewa bado haijapata moto wa kutosha, kitambo kinakuwa kirefu, dizeli inarundikana, ikiwaka inawaka kwa kishindo. Ndiyo ule mlio wa kugonga wa Canter tunaoujua. Ikiingia imechelewa, inakuta hewa imeshabanwa na ni ya moto, inawaka taratibu, masikio yanafurahi. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, pistoni imeshaanza kushuka dizeli haijawaka vizuri, inatoka mbichi: huo ndio moshi mweupe unaowasha macho. Mlimani moto unamalizikia kwenye eksozi badala ya kusukuma pistoni, nguvu inapotea na joto linapanda.

4D33 inayonong'ona ni mgonjwa.

#11 MbaoZaMafinga

Mzee, nimempelekea fundi maneno haya, kidogo agombane na mimi. Amerudia taimingi mbele yangu kwa njia ya matone. Alitoa kishikio cha delivari ya silinda ya kwanza, akatoa springi na valvu yake, akafunga tena kishikio na kabomba kamekunjwa kama shingo ya bata. Mimi napampu kwa mkono, yeye anazungusha krenki. Dizeli ikatoka kama mkojo wa mtoto, ikawa matone, ikakata. Ilipokata mshale ulikuwa juu ya alama ya kitabu kwenye puli, bila kupungua wala kuzidi.

Kwa hiyo taimingi imetoka kwenye orodha? Nibaki na pampu?

#12 BintiNozo

Kaka, samahani kuingilia wazee. Nafanya kazi gereji Tanga, mambo ya nozo na pampu ndogo.

Kwanza, huyo fundi alizungusha krenki mbele tu, au alipopitiliza alirudisha nyuma hadi kwenye alama? Gia zina mwanya. Ukipitiliza unarudi nyuma mbali, halafu unakuja tena kwa mbele polepole. Pia stopa, ile ya kuzimia injini, ilikuwa imeachiwa? Stopa ikiwa imevutwa, plunja inakuwa imegeukia kwenye mfereji na matone hayakati hata ukizungusha mpaka kesho.

Pili, na hili ndilo linaloniwasha: umesema puli ilibadilishwa. Alama za digrii ziko kwenye puli hiyohiyo. Ilitoka wapi?

#13 MbaoZaMafinga

Stopa iliachiwa, na alizungusha mbele tu, hapo sina shaka naye.

Puli niliinunua mtaa wa Gerezani, Dar, mtumba. Muuzaji alisema ni ya 4D33, na mashimo yalikubali.

#14 MakanikaNaks

Wueh.

#15 MzeeWaElementi

Binti, marahaba hata kama hujaniamkia. Umeona nilichokipita mara tatu.

Mwanangu, mashimo kukubali si ushahidi. Familia ya 4D3 ina ndugu wengi, na puli inaweza kuingia huku alama zake zimechongwa kwa ajili ya injini nyingine au kava yenye mshale mahali pengine. Fundi wako hakukosea kazi, amepima kwa rula iliyoandikwa vibaya.

Dawa ni kuitafuta pistoni juu kabisa bila kuiamini puli. Injini yako ni ya pushrodi, valvu zimesimama wima, kwa hiyo ni rahisi. Toa kava ya taperi juu ya hedi, toa roka zinazobonyeza valvu. Leta pistoni ya kwanza karibu na juu. Bana springi za valvu moja ya silinda hiyo, toa vile vipini viwili vinavyoishikilia, toa springi. Kabla hujaiachia valvu, vika mpira mdogo kwenye shina lake, kipande cha tyubu ya baiskeli kinatosha, ili isije ikatumbukia mtu akizungusha krenki kwa pupa. Sasa valvu imekaa juu ya kichwa cha pistoni. Weka dayo geji (saa ya kupimia milimita) juu ya shina.

Hapa wengi wanakosea: wanazungusha mpaka sindano iache kupanda, wanasema ndiyo juu. Pistoni ikifika juu inazubaa, krenki inapita digrii kadhaa sindano haijui. Fanya hivi. Tafuta kilele, weka sifuri. Rudi nyuma mpaka pistoni ishuke zaidi ya milimita 2, kisha njoo mbele mpaka geji isome milimita 2 kabla ya kilele. Piga mstari wa chaki kwenye puli mbele ya mshale. Endelea mbele, vuka kilele, ishuke milimita 2 tena. Piga mstari wa pili. Katikati ya mistari miwili ndiyo juu ya kweli. Linganisha na sifuri iliyochongwa.

#16 Chizi_wa_Magurudumu

Na valvu ikidondoka ndani?

#17 BintiNozo

Pistoni iko juu, itadondokea wapi? Ndiyo maana mzee kasema tyubu. Ukiishusha pistoni mpaka chini huku unaongea na simu, hapo utafungua hedi, na sisi hatukujui.

#18 MbaoZaMafinga

Wakuu, nimekaa kimya siku nne, nilikuwa njiani. Sasa niwape yote.

Jumamosi tulifanya alivyosema mzee. Dayo geji tuliazima kwa fundi wa mashine za kuchana mbao. Mistari miwili ya chaki, tukapata katikati kwa utepe wa karatasi tulioukunja mara mbili. Tukaweka katikati ile mbele ya mshale, pistoni juu kabisa. Puli ilikuwa haisomi sifuri. Ilikuwa inasoma digrii 9 kabla ya juu.

Fundi hakuamini, akapima kwa namna yake. Mzunguko wa puli kwa utepe ni milimita 565, gawa kwa 360 inakuwa 1.57 kwa kila digrii. Kutoka sifuri iliyochongwa hadi sifuri ya kweli ni milimita 14. Gawa mwenyewe. Akakaa chini juu ya tairi, akawasha sigara.

Kwa hiyo kila alipoweka matone kwenye alama ya kitabu, tuseme 16, dizeli ilikuwa inaingia kwenye 7. Kwa miezi yote hiyo.

Tulichonga sifuri mpya kwa tindo, tukahesabu digrii za kitabu kutoka hapo, ile ya zamani tukaipaka rangi nyeusi isimdanganye mtu mwingine. Tukarudia matone. Pampu ilibidi igeuzwe kinyume na mzunguko wa shafti yake, digrii nne na nusu, ambazo kwenye flenji ni karibu milimita 5 tu. Nati nne zinalegezwa, pampu inasogea upana wa penseli ya seremala, hela niliyotumia ni ya gasketi ya kava ya taperi na soda.

Ilipowaka, mke wangu aliyekuwa ndani alitoka akauliza kwa nini gari inagonga. Nilitaka kumkumbatia.

Jumapili asubuhi, baridi ya Mafinga mnaijua, stata moja. Moshi mweupe mwembamba kwa dakika moja hivi ukapotea. Jumatano nimepanda Kitonga na mifuko 80, gia ya tatu mpaka ile kona kali, pale nikaweka ya pili kama zamani, nikarudi ya tatu. Geji haikupita katikati. Kuna Fuso moja ilikuwa mbele yangu, niliiombea njia.

Mzee na dada wa Tanga, nikipita Tanga nina mbao mbili za mninga zenu, mtajua wenyewe mtakavyogawana.

#19 MzeeWaElementi

Mpe yote binti. Mimi meza ninayo.

Jambo moja. Sikiliza mlio huo wa kugonga wiki mbili hizi. Ukizidi ikiwa ya moto na mzigo, mlio wa chuma juu ya chuma, rudisha digrii moja. Kuwahi sana kunavunja ringi na kuchosha gasketi ya hedi, na hiyo ndiyo umetoka kuinunua.

#20 Dereva_Mstaafu

Na yule wa milioni 1 na laki 8?

#21 MbaoZaMafinga

Amenipigia jana kuuliza pampu naileta lini. Nimemwambia ipo Kitonga.

#22 Tairi_Kipara

Wakuu, samahani, swali. Ile njia ya valvu, springi inatolewa hedi ikiwa juu ya injini au lazima ishuke? Yangu baada ya kubadilisha pampu asubuhi inawaka, sikatai, ila mlimani bado kidogo. Na puli yangu nayo ni ya mtumba.

#23 BintiNozo

Hedi ibaki juu ya injini, kaka. Tafuta tyubu ya baiskeli kwanza.